Maneno mafupi ya Kiingereza yenye Q, X, Z, J na V kwa wacheza Scrabble: tupeane uzoefu

#1
Wadau wa Scrabble, mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, tuweke hapa maneno mafupi yanayookoa zamu, tuyapange kwa herufi inayoyaunganisha. Orodha ya alfabeti haikusaidii mezani. Mezani swali ni "nina Q, naitoaje?" Kila neno lije na maana yake na kinachoweza kuongezwa mbele au nyuma. Kumbukeni pia kwamba mashindano ya Marekani na Kanada yanafuata orodha ya maneno halali iitwayo NWL, na sehemu nyingi nyingine zinafuata orodha ya Collins, ambayo ni pana zaidi. Neno la Collins linaweza kukataliwa kwenye NWL, kwa hiyo taja chanzo.

Naanza na QI, nguvu ya uhai katika fikra za Wachina. Iliingia kwenye orodha ya Marekani mwaka 2006 pamoja na ZA. Seti ina vigae 100: U ni 4 tu, I ni 9. Anayeishikilia Q akisubiri U anasubiri kitu adimu huku I zinapita mbele yake. Wingi ni QIS.

#2
Naongezea namna ya kuiweka hiyo QI, maana wengi wanaiweka mahali popote pa wazi na kuambulia pointi 11.

Tafuta I iliyoko ubaoni ambayo mraba ulio juu yake unazidisha herufi mara tatu. Tuseme kuna RAIN iliyolala. Q iweke juu ya I, na I yako iweke kulia kwa Q, yaani juu ya N. Unapata QI ya kulala, QI ya kushuka, na IN ya kushuka. Hesabu: Q ni 10 mara 3, jumlisha 1, ni 31. Kwa kuwa kigae ni kipya, mraba unahesabiwa pande zote mbili, hivyo 31 nyingine. Ongeza IN 2, jumla 64.

Inapoharibika ni hapa: watu wanaangalia Q na kusahau I ya pembeni. Hiyo I inagusa herufi iliyo chini yake, na lazima nayo ifanye neno. Chini yake ikiwa D, F, N, S au T uko salama (ID, IF, IN, IS, IT). Ikiwa C au V, mchezo wote unakataliwa. I ikiwa ya mwisho kwenye neno, kama TAXI, hilo tatizo halipo. Hakikisha pia kushoto kwa Q na juu ya vigae vyote viwili hakuna kitu.

#3
Kwenye Q bila U, msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wengi hawautumii. Sehemu kubwa ya maneno haya yana asili ya Kiarabu, na tunayo nyumbani tayari. QADI ni kadhi. FAQIR ni fakiri. TALAQ ni talaka. NIQAB ni nikabu. QAT ni miraa. SUQ ni soko. Collins inazo pia WAQF, wakfu, na QIBLA, kibla.

QAID ni kiongozi wa kabila au jemadari, na ina herufi zilezile za QADI, kwa hiyo ukiona A, D, I na Q jua una njia mbili za kuunganisha. QANAT ni mfereji wa chini ya ardhi unaoleta maji mashambani, maarufu Iran. QOPH ni herufi ya Kiebrania. Zote hizi sita, QADI, FAQIR, TALAQ, QAID, QANAT na QOPH, zinapokea S.

TALAQ na SUQ zina faida ya peke yake: zinaishia na Q, kwa hiyo zinafaa pale penye nafasi kushoto tu. Hatari ni kuandika kwa mazoea ya Kiswahili. KADHI haikubaliki. Na ukikosa Q, tahajia nyingine zipo: CADI, FAKIR, KHAT, SOUK.

#4
X ndiyo rahisi kuliko zote, inashikana na kila irabu: AX (shoka), EX (mwenza wa zamani), OX (ng'ombe maksai), XI (herufi ya Kigiriki), XU (sarafu ndogo ya zamani ya Vietnam). Ikikaa kwenye mara tatu, pande zote mbili, ni 25 na 25.
J: JO tu kwenye NWL, mpenzi kwa Kiskoti, wingi JOES. Collins ina JA pia.
Z: ZA, pizza kwa mkato. Iliyoko ubaoni inageuka ZAG, ZAP au ZAX, kifaa cha kukatia mawe ya kuezekea. Ukiiacha wazi, mwenye X anakushukuru.

#5
Mkono umejaa konsonanti tupu? TSK (sauti ya kusikitika au kulaumu, jamaa ya msonyo), BRR (baridi), PST na PSST (kuita kwa siri), SHH, HMM, NTH. Kutoka Welsh kuna CWM, bonde la mlimani lililochimbwa na barafu, na CRWTH, ala ya nyuzi. W humo inafanya kazi ya irabu. TSK, CWM na CRWTH zinapokea S. NTH haipokei, wengi wanaanguka hapo.

#6
Kinyume chake, irabu zikizidi: AA ni lava yenye uso wa kukwaruza, AI ni mnyama mwenda pole wa misitu ya Amerika mwenye kucha tatu mbele, na UNAU ni ndugu yake wa kucha mbili. OE ni kimbunga cha Visiwa vya Faroe. EAU ni maji, na kwenye NWL wingi wake ni EAUX, si kwa S. ETUI ni kikasha cha sindano. ADIEU na AUDIO zinaondoa irabu nne kwa mpigo.

#7
Msisahau V. Haina neno la herufi mbili kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili. C nayo haina kwenye NWL, na Collins ina CH peke yake. Maana yake kwa vitendo: ukiwa mbele kwa pointi, neno lenye V au C nyingi linaziba njia, kwa sababu mpinzani hawezi kupanga neno sambamba nalo kirahisi. Ukiwa nyuma, usiziweke hivyo. Za kutolea V: VUG (tundu ndani ya mwamba), VOE (ghuba ndogo), VAV (herufi ya Kiebrania), AVO (senti ya Macau).

Na kuhusu kupinga: kwa kanuni za Marekani Kaskazini, ukipinga neno halali unapoteza zamu. Ukiona CWM au QOPH usikurupuke.