Tupeane uzoefu: kupika sosi ya piza nyumbani na kuihifadhi kwenye chupa

MamaOveni (Dar)

Wakuu, habari za mchana. Nauza piza za oda hapa nyumbani, Mbezi. Kinachonitesa si unga wala jibini, ni nyanya. Wiki hii tenga la Ilula likishushwa sokoni wauzaji wanakubembeleza uchukue, wiki ijayo fungu la nyanya nne unalitazama na kupita zako. Nimepiga hesabu nikaona bora nipike nyingi zikiwa bei chini, niweke kwenye chupa za kioo zikae kabatini. Friza sitaki kuitegemea, umeme wetu mnaujua.

Kupika si tatizo. Nachagua zile zenye umbo la yai, Tanya au Rio Grande, zina nyama nyingi na maji machache. Nachanja alama ya msalaba kitakoni, natumbukiza kwenye maji yanayotokota kwa dakika moja hivi, kisha kwenye maji baridi, ganda linavuka lenyewe. Napasua, nakamua mbegu kwa kidole gumba, nasaga, naacha sufuria wazi hadi mwiko ukipita chini uache njia na njia ile ichelewe kujifunga. Kilo tatu zinanipa kama lita moja ya sosi nzito. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, piza inalowa katikati na mteja ana haki ya kulalamika.

Swali langu linaanzia hapo. Nani ameshahifadhi kwenye chupa, alifanyaje, na ilikaa muda gani? Tuleteeni yaliyowakuta wenyewe, za kusikia tuziache.

Mnyalu_Original

Dada, umegusa penyewe. Mimi nimekulia jirani na misheni huku Iringa. Wamisionari wa Consolata, Waitaliano, wapo huku tangu 1919, na kwa masista nyanya ilikuwa na msimu wake kama mahindi. Tulikuwa tunaitwa watoto kusaidia kukamua. Wanachemsha nyanya kidogo, wanapitisha kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, ganda na mbegu zinatokea huku, uji mwekundu unatokea kule. Hawaungi kitunguu, hawatii mafuta. Uji unaingia kwenye chupa za bia zilizooshwa, jani moja la rihani ndani, kizibo kipya kinabanwa kwa kile kimashine cha mkono.

Halafu pipa. Chini gunia, chupa zinalazwa kwa safu, katikati ya kila safu matambara ili zisigongane, maji mpaka yafunike zote, kuni. Zikishachemka moto unaachwa ufe wenyewe na chupa zinalala humo mpaka asubuhi. Hakuna anayeruhusiwa kuzitoa za moto, ukitoa inapasuka mkononi. Walikuwa wanatumia mwaka mzima, mpaka nyanya za msimu mwingine.

Ila ile haikuwa sosi ya piza, ilikuwa nyanya tupu. Saumu, chumvi na oregano vinaingia siku ya kupika.

PembaPeremende

Sisi huku piza yetu ya Forodhani haijui sosi wala oveni, chapati inakunjwa na nyama na yai kwenye chuma basi 😀 Lakini nimekuja kusoma, mwanangu anataka hiyo ya Kitaliano. Mnyalu, rihani hii yetu ya kutia kwenye vikuba inafaa? Naiona kali.

Mnyalu_Original

Inafaa ila tia kidogo, ina harufu ya karafuu kuliko ile ya Waitaliano. Jani moja tu kwa chupa.

Baba_Columbus

Salaam kutoka Ohio. Huku kuhifadhi kwenye chupa ni mambo ya kila nyumba yenye bustani. Alinifundisha jirani yangu, bibi wa Kimarekani, na ni mkali kuliko mwalimu wa darasa la kwanza. Ukitia kitu ambacho hakimo kwenye kipimo anakunyang'anya mwiko.

Anafuata vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani na amenilazimisha nivikariri. Kwa chupa ya karibu nusu lita, kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau ya dukani, yale ya chupa, kwa sababu limau la mtini leo kali kesho limepooza. Au robo kijiko cha chai cha ndimu ya unga. Chupa ya lita moja unazidisha mara mbili. Hii inatiwa kwenye kila chupa, si kwenye sufuria, ili usikisie. Ikiwa chachu, sukari kidogo inaituliza.

Sosi imwagwe ya moto kwenye chupa ya moto, uache nafasi ya sentimita moja na kitu juu, ufute mdomo wa chupa, ufunge kwa kiasi. Sufuria refu, kitambaa chini, maji yapite juu ya vifuniko. Yakianza kutokota vizuri ndipo unaanza kuhesabu: dakika 35 kwa chupa ya nusu lita, 40 kwa ya lita. Moto ukipungua maji yakatulia, unaanza kuhesabu upya. Bibi hana msamaha hapo.

Wanjiru_wa_Limuru

Na hizo dakika ni za watu wa tambarare! Hapa kwetu tuko juu zaidi ya mita 2,000, maji yanachemka kwa nyuzi 93 hivi, si 100. Nilipoanza nilishangaa kwa nini maharagwe yangu hayaivi kama ya shangazi kule Mombasa, na ni kitu kilekile. Ukiwa mita 300 hadi 900 unaongeza dakika 5. Kutoka 900 hadi 1,800 unaongeza 10, hapo ni Iringa, Arusha na sehemu kubwa ya Nairobi. Kupita hapo ni 15. Kwa hiyo mimi nusu lita naichemsha dakika 50. Gesi inaenda, lakini mimi hupanga chupa nyingi kwa sufuria moja kubwa, na siku baridi nawasha jiko la kuni nje.

Kitu kingine, usinunue zile zimeanza kuoza kwa sababu ni rahisi. Nyanya iliyotoka kwa mmea uliokufa au iliyooza asidi yake imepungua. Za kupondeka tumia siku hiyohiyo kwa mboga.

Kitonga_Boy

Naona mnatishana tu. Mimi naikaanga sosi yangu na vitunguu maji, saumu ya kutosha, pilipili hoho, halafu juu namimina mafuta yafunike. Naweka kabatini. Mwaka wa ngapi huu, hakuna aliyekufa.

Mtaalamu_Nusu

Kitonga, kaka yangu, nilisomea sayansi ya chakula, nivumilie kidogo.

Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Mbegu zake ziko kwenye udongo, kwa hiyo ziko kwenye saumu na vitunguu. Kuchemsha kwa maji hakuziui, zinahitaji kama nyuzi 121, joto la jiko la presha. Kinachotuokoa kwenye nyanya ni asidi. pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imezidi, ikiwa 4.6 au chini ya hapo mbegu hizo haziwezi kuota na kutoa sumu. Nyanya yenyewe iko mpakani, nyingine 4.3, nyingine inapita 4.6, inategemea aina na kuiva. Ndiyo maana ya limau, si ladha.

Sasa wewe umeongeza saumu, vitunguu na hoho, vyote havina asidi ya maana, umeipandisha pH. Kisha umefunika kwa mafuta, umezuia hewa, na huyu bwana anapenda pasipo na hewa. Sumu yake unaweza usiione, usiinuse wala usiionje. Inalegeza misuli hadi ya kupumulia. Kutokufa hadi leo si kipimo.

Majani makavu kama oregano, na chumvi, havina shida. Saumu, vitunguu na mafuta tia siku unayopaka kwenye piza. Au ipike hivyohivyo kamili kisha igandishe kwenye friza.

Kitonga_Boy

Haya daktari. Iliyobaki namwaga. Zijazo naweka friza, lakini saumu siachi.

Mnyalu_Original

Na Mtaalamu, lile pipa la masista? Hawakutia limau.

Mtaalamu_Nusu

Nyanya tupu zilizoiva vizuri, bila kitunguu wala mafuta, walikuwa upande wenye nafuu. Leo ningewaomba waongeze ndimu ya unga tu, mengine yote wabaki nayo.

Baba_Columbus

Nyongeza kwa MamaOveni kuhusu piza yenyewe. Wapika piza wa Napoli, Italia, hawapiki sosi, wanaponda nyanya na chumvi, inaivia kwenye tanuri la kuni lenye nyuzi 400 na zaidi. Oveni zetu za 250 haziwezi, piza inakaa muda mrefu na maji yanashuka kwenye unga. Kwa hiyo wewe endelea kuikausha sufuriani.

Fundi_Achari (Moro)

Ukitaka kuuza hizo chupa zenyewe, si piza, hapo ni habari nyingine. Mimi nilianzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji wa nyanya kwa vitendo, na wana uzoefu, wapo tangu 1973. Alama ya ubora utaifuata TBS, shirika la viwango. Mambo ya chakula yaliyokuwa TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, yalihamia kwao 2019, usizungushwe na mtu anayekutuma kwingine.

MamaOveni (Dar)

Jamani, asanteni. Dar hatuna mwinuko, kwa hiyo nusu lita dakika 35. Vifuniko je? Nina chupa nyingi za jamu na siagi ya karanga.

Wanjiru_wa_Limuru

Chupa ya jamu nzima haina shida sana, kwangu huvunjika moja moja. Kifuniko ndiyo maneno. Ule mpira wa ndani ukishapata alama ya mdomo wa chupa ya kwanza, mara nyingi haushiki tena. Nunua vipya vya saizi ileile. Zikitoka jikoni ziweke juu ya taulo, usizipindue, usikaze tena. Utasikia zikilia "tii" moja moja zikipoa. Kesho yake bonyeza katikati: ikiwa imebonyea na haichezi, imeshika, andika tarehe uweke mahali penye giza, utumie ndani ya mwaka. Ikipanda na kushuka chini ya kidole, hiyo ni ya friji na uitumie wiki hiyo. Ya kabatini ukiikuta imevimba au inatoa povu, usionje kuhakikisha, tupa na chupa yake.

PembaPeremende

Na ikishafunguliwa?

Wanjiru_wa_Limuru

Friji, siku tano hadi saba. Ndiyo maana mimi natumia chupa ndogo.