Ushauri: nataka kusoma masta nikiwa mwalimu wa hisabati Muheza, nipange vipi nimalize kwa wakati?

Mwl_Muheza
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hisabati, mwaka wa tano sasa nashika chaki, niko sekondari moja ya serikali huku Muheza. Nimeamua kusoma masta ila nimekwama kati ya masta ya hisabati yenyewe na masta ya elimu upande wa ufundishaji wa hisabati. Wengi naona wanamaliza masomo ya darasani vizuri, halafu tasnifu inawashinda, miaka inapita. Nataka nijipange mapema. Usingizi sipati.

BintiChumbageni
Anza na saa, mwalimu. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) masta ni krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi: darasani, kujisomea, mazoezi, utafiti. Jumla saa 1,800. Ukitaka kumaliza kwa miezi 18 ni kama saa 23 kila wiki, kwa miaka miwili ni saa 17. Sasa weka na madaftari ya kusahihisha. Mikondo minne ya wanafunzi 50, dakika 3 kwa daftari, zoezi moja tu linakula saa 10. Hapo ndipo tasnifu inapofia. Huwezi kuandika sura ya pili ya tasnifu saa nne usiku ukiwa na rundo la madaftari pembeni.

MzeeNgamiani
Mwanangu, kabla ya yote hayo tazama hati yako ya mshahara. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15. Kama una mkopo wa benki juu yake, kumbuka makato yote hayatakiwi kukushusha chini ya theluthi moja ya mshahara. Ada utatoa wapi? Vijana wanakimbilia masta huku watoto wa kidato cha nne hawajui hata logi (logarithi). Hawa watoto ni amana.

Hesabu_Korogwe
Mzee shikamoo, ila kijana ameuliza achague ipi. Inategemea shahada yake. Masta ya hisabati inakuingiza moja kwa moja kwenye analisisi, topolojia na aljebra dhahania. Jipime hivi: chukua fₙ(x) = xⁿ kati ya 0 na 1. n ikikua, kwa kila x chini ya 1 fₙ(x) inakwenda sifuri, lakini kwa x = 1 inabaki 1. Kila fₙ ni endelevu, yaani grafu yake haikatiki, kikomo chake si endelevu, kwa hiyo mkaribiano hauwezi kuwa sare (uniform). Kama unaweza kuandika uthibitisho huo kwa epsiloni bila kufungua kitabu, nenda. Kama huwezi, tenga miezi sita ya kurudia kabla ya kuanza, maana muhula wa kwanza hausubiri mtu.
Maswali: shahada yako ni ipi, GPA ngapi, na ruhusa ya mwajiri unayo?

Mwl_Muheza
Asante sana mkuu. Shahada yangu ni ya ualimu, Hisabati na Jiografia, GPA 3.4. Ruhusa inashughulikiwa. Turudi kwenye tasnifu, mada nzuri ni zipi?

MamaMkinga
"Inashughulikiwa" na nani? GPA haina tatizo, kima cha chini cha kuingia masta ni 2.7. Jibu swali la ruhusa.

Mwl_Muheza
Haya, niseme. Nimeshapata udahili Dodoma, masta ya hisabati, ya kukaa chuoni muda wote. Awamu ya kwanza ya ada nimelipa. Kuripoti ni baada ya wiki tatu. Serikalini nina miezi saba, sijathibitishwa. Lakini mkuu wa shule amekubali kwa mdomo, na mwalimu mwenzangu atashika vipindi vyangu. Sioni kama kuna ubaya mkubwa, nitakuwa narudi mitihani ikikaribia.

MamaMkinga
Kijana! Mkuu wa shule hana mamlaka ya kukupa ruhusa ya masomo. Barua inaanzia kwake, inapita kwa Afisa Elimu Sekondari, inafika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na jina lako linatakiwa liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Kipindi cha majaribio ni miezi 12, ndipo suala la kukuthibitisha liende Tume ya Utumishi wa Walimu. Ukikosekana kazini zaidi ya siku tano mfululizo bila ruhusa umeshaingia kwenye utoro, na adhabu yake inafika kufukuzwa. Huyo anayeshika vipindi vyako hatakutetea.

Raskazone_Boy
Naona hii ni hadithi ya kutunga. Mwanzoni "mwaka wa tano", sasa "miezi saba". Halafu anafundisha Muheza na anasoma Dodoma muda wote? Tunapotezewa muda.

BintiChumbageni
Hata mimi hapo nimeshtuka. Fafanua, mwalimu.

Mwl_Muheza
Sijatunga jamani. Miaka minne na kitu nilikuwa shule binafsi hapa Tanga mjini, ajira ya serikali ndiyo miezi saba. Nilinyamaza kwa sababu nilijua mtanikatisha tamaa. Ada imeshatoka, ningefanya nini?

Raskazone_Boy
Sawa, nimekuelewa. Tuendelee.

Hesabu_Korogwe
Ada isikuendeshe. Andikia ofisi ya udahili leo, omba kuahirisha hadi mwaka unaofuata, na uliza kwa maandishi kama malipo yatahamishwa. Ukiripoti kwanza ndipo uombe, inakuwa kuahirisha masomo, na huo ni utaratibu mwingine.
Huo mwaka utumie kujaza pengo. Walimu wa masomo mawili wengi hawakugusa topolojia wala nadharia ya kipimo. Jifunze na LaTeX, programu ya kuchapa maandishi ya hisabati, maana kuchapa milinganyo kwenye programu ya kawaida kutakumaliza. Kama lengo lako ni darasa la sekondari na si kufundisha chuo kikuu, fikiria tena ile ya elimu. Chuo Kikuu Huria wana kituo hapo Tanga mjini, waulize wana nini kwa sasa. Kusoma ukiwa kazini kunakuondolea suala la kuondoka kituoni, ingawa bado mwajiri anatakiwa kujua.

BintiChumbageni
Ukichagua ya elimu, kalenda ndiyo kila kitu. Kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa Novemba, hakuna mkuu wa shule atakayekupa madarasa hayo Oktoba. Panga kukusanya data Julai hadi Septemba, kidato cha kwanza na cha tatu. Mapema mwaka pia inawezekana, ila kwetu Pwani usitegemee vipindi vya mchana wakati wa Ramadhani. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, ndipo shuleni. Tenga wiki kadhaa, usitenge siku.
Kosa lingine ni sampuli. Watu wanachukua fomula ya Yamane ya ukubwa wa sampuli kwa kila kitu. Wanafunzi 420, kosa 0.05: 420 ÷ (1 + 420 × 0.0025) = 205. Kwa dodoso ni sawa. Lakini kama unajaribu mbinu ya kufundisha kwa mikondo mizima, wanafunzi 205 kutoka mikondo minne ni mikondo minne tu, kwa kuwa wa darasa moja wanafanana mwalimu na mazingira. Hapo ndipo watahini wanakurudisha miezi mitatu nyuma.

MzeeNgamiani
Hilo la mikondo sikulijua. Mwanangu, basi mbinu ianzie kwenye logi.

Mwl_Muheza
Nimewasikia. Barua ya kuahirisha naiandika usiku huu. Ya Mkurugenzi nampelekea mkuu wa shule Jumatatu.

MamaMkinga
Ya Mkurugenzi iombe uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka wa fedha ujao, unaoanza Julai. Usiombe kuondoka sasa. Ambatisha barua ya udahili na ratiba ya kozi. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo.