Naomba ushauri: transfoma ya amplifaya ya gitaa ya vali, ukubwa gani unatosha?

Mpiga Gitaa wa Ujiji: Heshima kwenu wakuu. Niko Ujiji, Kigoma, na ninaunda amplifaya ya gitaa yenye vali (zile chupa za kioo za redio za zamani) mbili za 6V6GT za kutoa nguvu, tatu za 12AX7 za kukuza mawimbi ya gitaa, na rektifaya ya 5Y3GT, yaani vali ya kugeuza AC kuwa DC. Nimepata transfoma iliyotolewa kwenye redio ya vali ya zamani, ambayo nilipoipima bila mzigo ilitoa volti 290 kila upande wa waya wa katikati. Fundi mmoja wa hapa ameniambia niifunge tu, lakini nasita kwa sababu ni ndogo kama ngumi.

Fundi wa Mwanga: Ndugu, una haki ya kusita, kwa maana volti zinazopimwa bila mzigo hazisemi lolote kuhusu nguvu. Anza na vali zenyewe. Kwenye volti 6.3, kila 6V6GT hula ampea 0.45 za kupasha nyuzi na kila 12AX7 hula 0.3, jumla ni 1.8, nami ningesuka koili ya ampea 3. Ile 5Y3GT inataka volti 5 kwa ampea 2, kwenye koili ya peke yake, kwa sababu uzi wake ndio unaobeba umeme mkubwa (wa volti za juu). Upande wa umeme mkubwa kadiria miliampea 120 kwa volti 350, yaani wati 42. Ukijumlisha vyote unapata wati 63 hivi, ila kapasita za kulainisha umeme hunyonya umeme kwa mapigo mafupi makali, na koili hupata joto kuliko hesabu inavyoonyesha. Mimi nisingeshuka chini ya VA 90 (volti mara ampea, kipimo cha uwezo wa transfoma).

Mzee wa Stesheni: Kijana wangu, pima mguu wa kati wa bati (kile chuma kinachozungushiwa koili), upana mara unene, kwa sentimita.

Mpiga Gitaa wa Ujiji: Shikamoo mzee. Ni 2.5 kwa 3.

Mzee wa Stesheni: Marahaba. Hizo ni sentimita 7.5 za mraba, na bati la kiasi hicho, kwa umeme wetu wa hezi 50, hubeba takriban VA 40. Irudishe kwenye redio yake. Kwa VA 100 tafuta sentimita 11.5 hivi, usuke mizunguko kama minne kwa kila volti, na umeme mkubwa uwe 300-0-300, yaani volti 300 kila upande wa waya wa katikati.

Fundi wa Mwanga: Naongezea kwamba ukiiacha 5Y3GT ukatumia dayodi nne za daraja, koili ibebe mara 1.6 ya mkondo unaoutaka. Kapasita ziwe za volti 500, kwa kuwa 5Y3GT huwaka kabla ya 6V6GT, na kwa sekunde chache hizo volti hupanda zaidi ya 420. Weka pia rezista ya kuzimwaga chaji. Wengi huisahau hadi siku wanaporushwa.

Mpiga Gitaa wa Ujiji: Ninashukuru sana. Nina stabilaiza iliyoungua ambayo mguu wake wa kati ni 3.5 kwa 3.4, na kesho nitaipeleka kwa fundi anayesuka mota.

Mzee wa Stesheni: Hilo bati linatosha. Mwambie aweke karatasi ya kuhami kila tabaka, asitegemee vanishi peke yake.