Naomba ushauri: binti yangu na riwaya za wanyonya damu

Ndugu wasomaji, heshima zenu. Binti yangu ana miaka 13, na tangu likizo ianze amekwishamaliza vitabu vitatu vya kwanza vya Twilight, vyake Stephenie Meyer, alivyoazimwa na binamu yake. Bibi yake alipouliza hadithi inahusu nini, akaelezwa habari za kijana mnyonya damu anayependana na msichana wa shule, alishtuka: "Yaani huyo mumiani ndiye mchumba?" Tulicheka, lakini swali lenyewe halijanitoka.

Damu hainisumbui sana. Kinachonikera ni kwamba Edward, aliyezaliwa mwaka 1901 ingawa ana sura ya kijana wa miaka 17, huingia chumbani mwa Bella usiku na kumtazama amelala bila yeye kujua, na jambo hilo linasimuliwa kana kwamba ndiyo dalili ya mapenzi ya kweli. Kitabu cha nne kina ndoa, ujauzito na uzazi wa kutisha. Kwa sasa nimekificha kabatini chini ya mashuka, na nahisi ameshajua kilipo.

Je, nimwachie akisome kisha tukizungumze, au nisubiri akue kidogo? Aidha, nafikiria kumnunulia Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ambamo msichana wa miaka 12 anajifunza uchawi nchini Nigeria, ila nachelea kwamba aliyekwishazoea mahaba ataiona imepoa. Mliolea wasomaji wa umri huu, tafadhali nielezeni mlifanyaje.