Kuku Anachakura Kurudi Nyuma

*Kikundi: Ukoo wa Bugogwa 🐟, 30 Desemba*

Doto, 07:12
Shikamooni wote. Bibi, mwangaluka. Kabla hamjapanga chakula cha mwaka mpya naomba niseme neno. Mwaka huu tusipike kuku.

Bamdogo Masanja, 07:15
Marahaba. Umeanza mapema leo. Kuku nimeshanunua watano wa kienyeji, wananipigia kelele stoo hapa.

Doto, 07:16
Bamdogo, kuku anachakura kurudi nyuma. Kuna watu Ulaya na Marekani tarehe 1 hawamgusi, eti ukimla mwaka wako nao unarudi nyuma. Kamba mkubwa wa baharini naye wanamkwepa, akishtuka anakimbia kinyumenyume.

Bamdogo Masanja, 07:18
Tangu nizaliwe kila mwaka mpya hapa nyumbani ni pilau na kuku.

Kulwa, 07:18
Ndiyo maana 😂😂

Bamdogo Masanja, 07:19
Kulwa, nauli ya kukurudisha chuo nimeisahau ghafla.

Mama Kulwa, 07:24
Haya, anayekwenda mbele ni nani?

Doto, 07:25
Nguruwe. Anafukua kwa pua akisonga mbele. Ujerumani ndiye mnyama wa bahati, mwaka mpya wanapeana vinguruwe vidogo vya lozi na sukari.

Mama Kulwa, 07:26
Kitimoto kwenye sufuria yangu? Mimi Msabato, na shemeji Rashidi anakuja na wanawe. Pita hapo.

Doto, 07:26
Nimepita. Samaki basi. Ucheki na Poland wakati wa Krismasi wanapika samaki mmoja wa maji baridi mwenye magamba makubwa. Wakimaliza kila mtu anachukua gamba moja anatia kwenye pochi, hela isikauke mwaka mzima.

Shangazi Holo, 07:40
Gamba?

Doto, 07:40
Ndiyo, shangazi. La samaki.

Shangazi Holo, 07:43
Doto, mimi niko hapa Mwaloni Kirumba tangu hujazaliwa. Naparua sato asubuhi mpaka jioni. Magamba yako kwenye nywele, yako kwenye khanga, nikilala nayakuta kwenye shuka. Kama ni hivyo ningekuwa na meli yangu bandarini pale.

Kulwa, 07:44
Labda tatizo ni shuka, shangazi. Wao wanaweka kwenye pochi.

Shangazi Holo, 07:44
Pochi yenyewe naifungua saa ngapi niweke magamba, nyie mmeshaimaliza kwa "shangazi nitumie ya vocha".

Mama Kulwa, 07:50
Samaki sawa, ila mwaka jana mlisema sangara tukaletewa mapanki. Nilimwekea mkwe wangu mfupa kwenye sahani.

Bamdogo Masanja, 07:51
Bei ilikuwa imepanda. Hilo tulishalimaliza.

Mama Kulwa, 07:51
Nani alilimaliza?

Doto, 08:05
Jamani tusigombane. Hispania saa sita usiku wanakula zabibu 12, moja kwa kila mlio wa kengele. Wakulima wa Alicante ndio waliozieneza sana mwaka 1909 walipovuna zikawazidi.

Shangazi Holo, 08:07
Hao ninawaelewa. Dagaa zikijaa mwaloni hata mimi nitakwambia zina bahati.

Kulwa, 08:08
Zabibu ghali. Tule zambarau 12.

Mama Kulwa, 08:09
Mje kanisani na ndimi za bluu? Hapana.

Doto, 08:11
Waitalia wao wanakula adesi, kwa kuwa zimekaa kama visarafu. Wagiriki wanaficha sarafu kabisa ndani ya keki ya Mtakatifu Basili. Atakayekatiwa kipande chenye sarafu, mwaka ni wake.

Bamdogo Masanja, 08:13
Babu ana meno manne. Sarafu ya mia mbili ikimpata hapo tunaanza mwaka hospitali Bugando.

Rashidi, 08:20
Asalaam aleikum. Adesi naleta mimi, mama watoto anazijua. Msichanganye na dengu za Shinyanga, yule muuza duka alinipa dengu nikachemsha mpaka gesi ikaisha.

Doto, 08:31
Sasa sikilizeni hii, ndiyo iliyonifanya niandike. Marekani ya kusini, tarehe 1 Januari, chakula cha bahati ni KUNDE. Kunde na wali, wanaita Hoppin' John. Pembeni majani ya kijani mithili ya sukuma wiki, hayo ndiyo noti. Na mkate wa mahindi ya njano, ndiyo dhahabu. Na kunde asili yake ni huku Afrika, zilivuka bahari pamoja na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi.

Kulwa, 08:32
Kunde zetu hizihizi?

Doto, 08:32
Hizihizi, zenye jicho jeusi.

Bibi (sauti, Kulwa nimeandika), 08:52
"Wabeja, Doto. Kunde nilizokuwa nawapikia mkinuna, mnasema bibi kila siku kunde? Leo zimetoka Marekani zimekuwa bahati. Sisi mwezi huo ulikuwa wa njaa. Ghalani umebaki unga wa kukung'uta, mahindi shambani bado. Mvua ikinyesha, mboga ya mwanzo kutoka ni majani ya kunde. Unachuma machanga, yanayobaki unayachemsha unayaanika, ndiyo nsansa. Unakula na michembe, vile viazi vitamu vya kukata na kuanika, ya karanga. Ukiona majani mabichi kwenye chungu unasema, haya, watoto hawa wamevuka. Hakuna aliyeita bahati. Na Masanja, jogoo mwekundu usimchinje, huyo ni wangu, umemchukua bandani kwangu."

Kulwa, 08:53
Bamdogo 👀 si ulisema umenunua watano?

Bamdogo Masanja, 08:58
Nimenunua wanne. Huyo nilimpa lifti.

Mama Kulwa, 09:03
Nimeamua. Kunde za nazi, majani ya kunde, wali, sato wa kupaka. Michembe bibi analeta. Ugali wa dona kwa babu, wali kwake si chakula.

Kulwa, 09:05
Babu anasema mahindi ya njano hataki. Aliyala enzi za foleni, walikuwa wanaita Yanga, na yeye ni Simba.

Shangazi Holo, 09:10
Sato nitachagua mwenyewe kesho alfajiri mitumbwi ikiingia. Wakubwa kumi. Masanja hela unatuma leo, si "nitakuona".

Bamdogo Masanja, 09:12
Natuma. Na kuku?

Mama Kulwa, 09:12
Wataliwa tarehe 2. Wakirudi nyuma watatukuta tumeshatangulia.

Shangazi Holo, 09:30
Magamba nitayaosha na kuyaanika, atakayetaka achukue. Nisisikie mtu anasema nimemuuzia.

*[Ujumbe huu umefutwa]*

Kulwa, 09:34
Bamdogo nimeusoma kabla hujaufuta 😂

Bamdogo Masanja, 09:36
Basi nauandika tena. Holo, nibakizie mawili. Moja la gari.