Je, ninyamazishe wachezaji wote, sauti na maandishi, katika mechi za daraja?

MkaaLangoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naishi Lamu, mtaa wa Langoni, na jioni nikitoka kazini hucheza Counter-Strike 2, mchezo wa kompyuta wa timu mbili za watu watano wanaofyatuliana risasi, katika mechi za kushindania daraja. Kwa kuwa mara nyingi huingia peke yangu, mfumo hunipangia wenzangu wanne nisiowajua, na kwa sababu ya mahali tulipo huwa naangukia ama seva ya Dubai ama ya Johannesburg. Mchezo wenyewe naumudu. Kinachonishinda ni midomo ya watu. Raundi ya kwanza ikipotea tu, mmoja huanza kutukana, wa pili humjibu, na kabla hatujafika mbali hakuna tena anayesema adui yuko wapi, kila mtu yuko kwa mama wa mwenziwe. Hedfoni zangu zimeharibika, kwa hiyo kwa sasa natumia spika, nami hukaa msanani, yaani kwenye chumba kirefu cha ndani cha nyumba zetu za mawe, hatua chache tu kutoka anapoketi bibi na tasbihi yake. Kiingereza hakijui, lakini Kiarabu cha matusi anakielewa barabara.

Nataka kunyamazisha kila mtu tangu mwanzo wa mechi, sauti na maandishi pia. Je, nitashuka daraja kwa kukosa taarifa? Je, kuna adhabu kwa anayefanya hivyo? Na je, ni kweli, kama anavyodai rafiki yangu, kwamba kuzima sauti hupunguza kukwamakwama kwa mchezo?

FundiWaBarani

Waalaykum salaam. Nitaanza na swali la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Sauti husafirishwa mtandaoni ikiwa imebanwa. Kodeki (njia ya kubana sauti) ya Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012 na ambayo hutumika sana kwa kazi ya namna hii, huufanya usemi usikike vizuri kwa kilobiti 24 hivi kwa sekunde, maana yake hata mtu akikutukana saa nzima bila kumeza mate hafikishi megabaiti 11. Mchezo wako haukwami kwa ajili hiyo. Ukinitajia msana, mimi nashuku kuta: mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa karibu nusu mita, humeza mawimbi ya Wi-Fi, na ruta iliyofungwa huko upande wa daka, mlangoni, haiwezi kukufikia vizuri ndani. Vuta waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, kisha uone tofauti.

Adhabu hakuna. Wanaoadhibiwa ni wanaoitoroka mechi, wanaokaa bila kucheza na wanaowaumiza wenzao makusudi. Kunyamazisha ni zana ambayo watengenezaji wenyewe wamekupa mkononi, na zaidi ya hapo, Februari 2020, wakati mchezo ungali Counter-Strike: Global Offensive, Valve, watengenezaji hao, walianzisha utaratibu wa kuwanyamazisha tangu mwanzo wale wanaoripotiwa kwa matusi kuliko wachezaji wengine, ili anayetaka kumsikia mtu wa aina hiyo alazimike kumfungulia mwenyewe.

Sasa tuje kwenye swali lenye uzito. Ninaendesha kibanda cha michezo hapa Malindi, na ninachowaambia vijana ni kwamba wasichanganye taarifa na maneno, kwa maana sehemu kubwa ya taarifa haipiti kwenye maiki hata kidogo. Adui akionekana na mwenzako yeyote, huonekana pia kwenye rada yako. Mtu akifa, juu ya skrini yako hujitokeza jina lake, jina la aliyemuua na silaha iliyotumika. Bomu la timu yako (timu moja hulitega, nyingine hulitegua) likianguka, rada hukuonyesha lilipo. Utakachokikosa ukiwazima wote ni vitu vya aina tatu: mpango wa raundi, kiasi cha uhai alichobakiwa nacho adui aliyejeruhiwa, na kile ambacho mwenzako amekisikia lakini hajakiona, kwa mfano nyayo nyuma ya ukuta. Hiki cha tatu ndicho cha thamani kubwa, kwa sababu rada haina masikio.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kuwanyamazisha wengine hakufungi maiki yako. Wewe waweza kuendelea kuwaambia wenzako unachokiona, kwa upole na kwa maneno machache, hata kama husikii wanavyokujibu. Kwa hiyo anayesema kwamba ukizima sauti umeitelekeza timu anasema nusu ya ukweli.

Ushauri wangu ni kumnyamazisha mtu mmoja mmoja, na kufanya hivyo kwenye tusi la kwanza bila kungoja la pili. Shikilia kitufe cha Tab ili ubao wa majina utokee, bofya kitufe cha kulia cha kipanya ili mshale uonekane, kisha chagua jina la mhusika na umzime. Mwanzoni mwa kila raundi mna sekunde 15 ambazo hakuna anayeruhusiwa kusogea, na kazi hiyo haihitaji hata nusu yake. Usimjibu, wala usimweleze kwa nini umemzima.

BintiMuyeye

Fundi ameeleza vizuri, ila mimi nina njia tofauti na sioni haya kuitetea. Nacheza Valorant, mchezo mwingine wa timu wa namna hiyo hiyo, na huzima sauti ya timu na maandishi ya wapinzani kabla mechi haijaanza, siku zote, bila kumngoja mtu anidhihirishie tabia yake. Ushauri wa kungoja tusi la kwanza unamfaa yule ambaye tusi la kwanza litahusu mchezo wake. Mimi nikisema neno moja tu kwenye maiki, mazungumzo huhama hapo hapo kutoka kwenye mechi na kuhamia kwenye sauti yangu, umri wangu na kama nimeolewa, na anayenitetea huwa msumbufu karibu sawa na anayenichokoza.

Je, nimeshuka daraja? Hapana. Valorant ina alama zinazowekwa kwa kitufe kimoja, ambazo huonekana ramanini na pale pale mahali penyewe, na mtu anaweza kuonya, kuomba msaada au kuonyesha alipomwona adui bila kutamka kitu. Utaratibu wa namna hii ulipata sifa kubwa katika Apex Legends iliyotoka Februari 2019, ambamo bonyezo moja huonyesha mahali na mabonyezo mawili ya haraka huonya kwamba kuna adui. Wageni walionizunguka wananielewa kwa alama kuliko wangenielewa kwa Kiingereza changu, au mimi kwa Kituruki chao.

Jambo la pili ni kwamba katika Valorant sauti ya kikundi ulichoingia nacho na sauti ya timu nzima ni mambo mawili yenye vidhibiti tofauti. Tukiwa na wasichana wenzangu wa hapa Malindi na wawili wa Mombasa, sauti ya kikundi huwa wazi na ya timu imefungwa. MkaaLangoni, ukipata hata mtu mmoja unayemwamini wa kuingia naye, nusu ya shida yako imekwisha.

Wala usitegemee kwamba mashine zitatusafishia hewa. Riot, watengenezaji wa Valorant, walianza kukusanya sauti kwa ajili ya kufundisha mfumo wao wa kutambua matusi Julai 2022, wakianzia na Kiingereza huko Amerika ya Kaskazini. Wenzao wa Call of Duty walitangaza mfumo uitwao ToxMod Agosti 2023, nao pia ulianzia Amerika ya Kaskazini kwa Kiingereza. Kiswahili cha pwani kitafikiwa lini? Kwa wakati huu kitufe cha kunyamazisha ndicho mlinzi pekee ninayemwamini.

ZamuYaUsiku

Dada BintiMuyeye, kwa hali yako sina neno, nami ningefanya vivyo hivyo. Lakini ndugu wa Langoni hayumo katika hali hiyo, na naona anaelekea kukatiwa mkono mzima kwa kidonda cha kidole.

Chukulieni mwisho wa raundi katika Counter-Strike 2. Bomu likishategwa lina sekunde 40 kabla ya kulipuka. Kulitegua huchukua sekunde 10, au 5 kwa mwenye vifaa vya kutegulia. Umebaki peke yako, adui naye amebaki mmoja, na mwenzako aliyekufa sasa hivi anajua kwamba yule adui amejeruhiwa vibaya na kwamba alikuwa akielekea kwenye ngazi. Sentensi hiyo ni ya sekunde tatu. Ukiisikia, unakimbia kumkabili. Usipoisikia, unatembea kwa woga ukikagua kila pembe hadi muda unakuishia. Daraja hupanda na kushuka kwenye raundi za namna hiyo, si kwenye zile ambazo timu moja imeizidi nyingine kwa mbali.

Kuhusu hoja ya Fundi kwamba waweza kusema bila kusikia, naikubali kwa shingo upande. Asiyesikia humkatiza mwenzake bila kujua, na hayo hasa ndiyo yanayoanzisha ugomvi.

Hata hivyo nakiri kwamba waliokufa nao hawana adabu, kwa maana katika mechi za daraja wanaruhusiwa kuendelea kuzungumza na walio hai, na badala ya kutoa ile sentensi moja wakanyamaza, huwa kama watazamaji wa dhumna barazani, kila mmoja anajua jiwe ulilopaswa kuliweka. Sauti zao hufunika nyayo za adui. Kwa hilo mchezo una dawa yake: kwenye mipangilio ya vitufe waweza kuchagua kitufe kinachozima sauti zote kwa muda na kuzirudisha raundi ikimalizika. Mimi nimekiweka pembeni mwa kipanya. Nasikia taarifa ya mwisho, nakibonyeza, kisha nabaki na masikio yangu.

MkaaLangoni

Nawashukuru nyote. Kitufe hicho cha muda sikuwa nakijua, na waya nitauvuta kesho inshallah. Nimeona nichanganye: sauti niache wazi hedfoni zikishatengenezwa na nimzime mmoja mmoja, na kwa wakati huu ambao natumia spika nizime zote kwa heshima ya bibi. Limebaki la maandishi. Mpwa wangu wa miaka 12 huingia kwenye akaunti yangu nisipokuwepo, naye hasomi tu matusi ya watu, anayajibu kwa herufi kubwa. Je, nikizima maandishi, naye atashindwa kuandika?

BintiMuyeye

Katika Valorant kuna orodha ya maneno unayoyafungia wewe mwenyewe, nami nimejazia matusi ya Kiswahili na ya Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa kuwa sikutaka kutegemea kichujio cha kawaida peke yake. Lakini hiyo huzuia kusoma tu. Na kwa mtoto wa miaka 12, tafadhali kumbuka kwamba huko Ulaya Valorant imewekewa umri wa miaka 16, kwa hiyo kabla ya kufikiria maandishi huenda ukataka kwanza kuzungumza na mamake.

FundiWaBarani

Kuficha maandishi ya wengine na kumzuia mtu kuandika ni kazi mbili. Kwa ya kwanza, mipangilio ya Counter-Strike 2 ina sehemu ya kuwanyamazisha wapinzani wote kwa pamoja, na sioni sababu ya mtu yeyote kuiacha bila kuiwasha, maana mpinzani hana taarifa ya kukupa. Kwa ya pili, ingia kwenye mipangilio ya vitufe na uondoe viwili: Y, ambacho hufungua maandishi ya watu wote, na U, ambacho hufungua ya timu. Vikishaondolewa, mtoto atabonyeza weee bila sanduku la kuandikia kufunguka, na ile duara ya ujumbe mfupi uliotayarishwa bado itamwezesha kusema kwamba anahitaji msaada au kwamba amemwona adui.

Lakini hilo ni suluhisho la wiki hii tu. Ripoti zote hushikamana na akaunti, hazimtazami aliyeketi kwenye kiti, na zikizidi wewe ndiye utakayenyamazishwa hata uwe mpole kiasi gani. Isitoshe, masharti ya Steam, jukwaa la Valve ambako mchezo hupakuliwa, hayaruhusu watu wawili kutumia akaunti moja. Badilisha neno la siri leo, na kama mamake ataridhia acheze, mfungulieni akaunti yake akishafikisha miaka 13 ambayo Steam inaitaka, kwa kuwa mchezo wenyewe hupakuliwa bure.