Tupeane uzoefu: umewahi kuziba paipu ya gari inayovuja wewe mwenyewe? Ilidumu?

Wakuu, salaam. Naanza mimi.

Nilikuwa napandisha mlima Kitonga, mshale wa temperecha ukagonga H, mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikaegesha, nikazima. Karibu saa nzima sikugusa kifuniko cha rejeta, maana maji yale yakiwa na presha yanababua uso. Gari ilipopoa nikaona mpira wa juu wa rejeta umechanika mdomoni, pale pale klipu inapobana. Nikalegeza klipu kwa bisibisi, nikakata sentimita mbili zilizooza kwa kisu, nikarudisha mpira na kukaza. Bahati ulikuwa na urefu wa kutosha. Nikajaza maji ya chupa, nikafika Iringa salama. Nyumbani nikayamwaga, nikaweka kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Ule mpira nimeubadilisha juzi tu, na haukuwahi kutoa tone.

Nyie je?

#2
Mimi ilikuwa stelingi. Kila asubuhi nakuta mafuta mekundu sakafuni, mpira unaorudisha mafuta kwenye kopo umepasuka. Nikaweka kipande cha mpira wa bustani. Wiki mbili ukavimba, ukalainika, ukiubonyeza kidole kinazama. Nikaenda dukani nikanunua nusu mita ya mpira wa mafuta na klipu mbili, 9,000 yote. Mwaka wa pili huu, pakavu.

#3
Mkuu #2 yuko sahihi, ila hiyo ni kwa mpira wa kurudi tu. Ule wa presha unaotoka kwenye pampu usithubutu kuufunga klipu. Ukikata stelingi hadi mwisho gari ikiwa imesimama, mle ndani presha inaweza kuvuka bar 70. Wangu niliufungua mwenyewe, nikaupeleka kwa wale wanaobana mipira ya haidroliki ya matrekta na magreda. Vichwa vikabaki vya zamani, katikati wakaweka mpira mpya. Nikarudi kuufunga mwenyewe, hela ya ufundi ikabaki mfukoni.

#4
Naomba tusiingize breki humu. Paipu yangu ya nyuma kushoto ilioza kwa kutu, fundi mmoja akaikunja na kuibana na plaizi ili "nifike nyumbani". Mvua ilikuwa imenyesha. Nilipokanyaga breki gari ikavutwa upande mmoja, nikasimama hatua chache kutoka kwa mama aliyembeba mtoto mgongoni. Mpaka leo namwona. Kesho yake niliweka paipu mpya, midomo ikapanuliwa kwa mashine, hewa ikatolewa kwenye breki za magurudumu yote manne.

#1
Pole sana mkuu, na asante kwa kusema. Sasa mwenye uzoefu na mipira ya mafuta ya gia otomatiki inayopita kwenye rejeta aje. Wa kwangu umeanza kulowa kwenye klipu, nataka kujua kama nao unakatwa ncha na kurudishwa.